Kauli ya "Haiwaki" na Mfuatano wa Uwashaji: Ubainishaji wa Hitilafu katika Kompyuta ya Mezani Iliyogoma Ghafla

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kubaini chanzo cha hitilafu katika kompyuta ya mezani ambayo jana ilifanya kazi na leo imegoma kuanza. Hoja kuu ni kwamba kauli "haiwaki", inayotumiwa na wasemaji wengi wa Kiswahili, hufunika hali kadhaa zenye vyanzo tofauti kabisa, na kwamba tiba inayotolewa kabla ya kuzitenganisha hali hizo huweza kufuta data ambazo hitilafu yenyewe haikuzigusa. Uchambuzi unafuata mfuatano wa uwashaji kutoka soketi ya ukutani hadi mfumo endeshi. Uzito mkubwa umewekwa kwenye betri ndogo ya ubaomama, kwa kuwa dalili za kufa kwake hufanana mno na dalili za diski iliyoharibika.

1.0 Utangulizi

Watumiaji wengi wa Kiswahili wanapompelekea fundi kompyuta iliyogoma huwa na kauli moja tu ya kueleza kilichotokea: "haiwaki". Kitenzi hicho kimezoeleka kwa moto na taa, vitu ambavyo ama vinawaka ama haviwaki, na hapana hali ya tatu. Kompyuta haina tabia hiyo. Kati ya kubonyezwa kwa kitufe na kutokea kwa skrini ya kuingilia kuna hatua nyingi zinazofuatana, na mashine huweza kukwama katika yoyote kati ya hizo. Kompyuta ambayo feni zake hazizunguki, ile ambayo feni zinazunguka huku skrini ikibaki nyeusi, ile inayoonyesha nembo ya mtengenezaji na kuganda hapo, ile inayoandika kwamba haioni diski, na ile inayoifikia Windows kisha ikajizima na kujiwasha bila kikomo, zote hufika mezani kwa fundi zikiwa na jina moja.

Suala hili lingekuwa la msamiati pekee kama tiba zisingetofautiana. Zinatofautiana sana. Tiba iliyoenea zaidi mitaani ni ile iitwayo "kupiga Windows", yaani kusakinisha mfumo endeshi upya, na kwa kawaida huambatana na kufomati sehemu C ya diski. Humo ndimo Windows inamohifadhi folda za nyaraka na vitu vyote vilivyoachwa kwenye skrini ya mwanzo, mahali ambapo watumiaji wengi huweka kazi zao bila kufahamu kwamba ni ndani ya sehemu C. Mwanafunzi mwenye tasnifu ya miaka miwili kwenye mashine yenye RAM iliyolegea, akitibiwa kwa njia hiyo, atapoteza tasnifu na hitilafu itabaki palepale. Pawasaplai hununuliwa, ubaomama hununuliwa, hata diski hununuliwa. Sura ya nne ya tasnifu ambayo haikunakiliwa popote haina duka. Kwa sababu hiyo, makala haya yanalichukulia swali la kwanza la fundi kuwa ni "imefika wapi?", kabla ya "nini kimeharibika?".

2.0 Mfuatano wa uwashaji

Msingi wa mfuatano huu haujabadilika sana tangu kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981. Pawasaplai hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 za mkondo mnyoofu. Volti hizo zikishatulia, pawasaplai hutuma ishara kwa ubaomama kuthibitisha kwamba umeme ni salama. Kwa vipimo vya ATX, muundo ulioanzishwa na Intel mwaka 1995, ishara hiyo huja kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya volti kufikia kiwango. Bila ishara hiyo prosesa haiachiwi kuanza, hata kama feni zinazunguka.

Prosesa ikishaachiwa husoma amri yake ya kwanza kwenye anwani isiyobadilika. Kwa Intel 8086 na zilizofuata mara baada yake anwani hiyo ni FFFF0. Kuanzia 80386 ni FFFFFFF0, baiti 16 tu kabla ya mwisho wa gigabaiti 4. Hapo pana programu iliyohifadhiwa ndani ya chipu ya ubaomama, ambayo kwa mashine za zamani ni BIOS na kwa za sasa ni UEFI. Programu hiyo hukagua RAM, kadi ya picha na kibodi, kisha hutafuta kifaa chenye mfumo endeshi. BIOS husoma baiti 512 za mwanzo wa diski na kudai kwamba mbili za mwisho ziwe 55 na AA. UEFI haitegemei baiti hizo. Huingia katika sehemu ndogo ya diski iliyopangwa kwa mtindo wa FAT na kuchukua humo faili la kuanzishia. Baada ya hapo madaraka yote hukabidhiwa Windows, Linux au mfumo mwingine uliopo.

Faida ya kuufahamu mfuatano huu ni kwamba kila hatua hutoa ushahidi kuhusu zile zilizoitangulia. Kompyuta inayoandika kwenye skrini kwamba haioni diski imekwisha kuthibitisha kuwa pawasaplai, prosesa, RAM na kadi ya picha vinafanya kazi kwa kiwango cha kuiwezesha kuandika sentensi hiyo. Hapana sababu ya kuanza kuvifungua. Tahadhari moja inahitajika: pawasaplai dhaifu huweza kumudu hatua za mwanzo, ambazo hazitumii umeme mwingi, na kushindwa pale diski na kadi ya picha zinapoanza kuvuta kwa pamoja. Kwa hiyo ushahidi huo huipunguzia pawasaplai tuhuma bila kuiondolea kabisa.

3.0 Mashine isiyoonyesha uhai wowote

Hali hii ndiyo pekee inayostahili kuitwa "haiwaki" kwa maana kamili ya neno. Hapa uchunguzi huanzia nje ya kompyuta. Taa au chaja ya simu ikichomekwa kwenye soketi ileile huonyesha kama umeme upo. Ekstensheni iondolewe na waya uchomekwe moja kwa moja ukutani. Swichi iliyo nyuma ya pawasaplai itazamwe, kwa kuwa mfagizi huweza kuigusa bila kujua. Katika pawasaplai za zamani kuna swichi nyingine ndogo, mara nyingi nyekundu, ya kuchagua volti 115 au 230. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani ikiwa bado imewekwa 115, kisha ikachomekwa kwenye umeme wa Tanzania wa volti 230, huungua papo hapo na mara nyingi kwa mshindo.

Pawasaplai ya ATX haizimiki kabisa kompyuta inapozimwa. Huendelea kutoa volti 5 za kusubiri kupitia waya wa zambarau, na kitufe cha mbele kinapobonyezwa ubaomama huushusha waya wa kijani hadi karibu na sifuri ili pawasaplai nzima iamke. Fundi mwenye mita huweza kupima nyaya hizo mbili na kujua upande wenye lawama. Zambarau ikikosa volti 5, pawasaplai ndiyo mgonjwa. Zambarau ikiwa nzima na kijani kisishuke kitufe kinapobonyezwa, tatizo liko kwenye kitufe, waya wake au ubaomama. Kugusisha pini mbili za kitufe kwenye ubaomama kwa ncha ya bisibisi kutaonyesha ni kipi. Vitufe vya kasha huchakaa kama kitu kingine chochote kinachobonyezwa kila siku, na kompyuta kadhaa zimewahi kuitwa mfu kwa sababu ya kitufe tu. Volti zikianza kutoka, vipimo vinaruhusu tofauti ya asilimia 5 kwa kila upande, hivyo waya wa volti 12 unapaswa kusoma kati ya 11.4 na 12.6.

Neno "ghafla" nalo linastahili kuhojiwa. Kompyuta nyingi za ofisini hukaa zikiwa zimechomekwa kwa miezi mingi, kisha umeme hukatika usiku na mashine hugoma asubuhi. Lawama huangukia umeme uliorudi kwa nguvu, na mara nyingine ni kweli. Lakini kapasita za pawasaplai hukauka polepole kwa joto la miaka mingi, na kapasita iliyochoka huweza kuendelea kuhimili saketi iliyokwisha kupata moto huku ikiwa haina tena uwezo wa kuianzisha ikiwa baridi. Katika hali hiyo kukatika kwa umeme kumefichua ugonjwa uliokuwapo tangu zamani. Kapasita zilizovimba kichwani au kuvuja majimaji ya kahawia huonekana kwa macho, hasa katika mashine za kati ya mwaka 1999 na 2007, kipindi ambacho kapasita duni zilisambaa katika bidhaa za watengenezaji wengi duniani.

Ubaomama waweza kukaguliwa na yeyote aliyeuondolea umeme na kugusa bati la kasha ili kumwaga umeme tuli wa mwilini. Ndani ya pawasaplai mambo ni mengine: kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubeba takriban volti 325, na huweza kubaki nazo kwa muda baada ya waya kuchomolewa. Asiye fundi asiifungue.

4.0 Feni zazunguka, skrini ni nyeusi

Jambo la kwanza kukagua hapa ni skrini yenyewe, kwa maana ina waya wake wa umeme na swichi yake. Kompyuta yenye kadi ya picha ya ziada huwa na matundu mawili ya kuchomeka skrini, na aliyechomeka kwenye tundu la ubaomama badala ya lile la kadi mara nyingi hupata weusi mtupu.

Skrini ikiwa nzima, tuhuma ya kwanza ni RAM. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa na Unguja, hewa yenye unyevu na chumvi hushambulia miguso ya vipande vya RAM na matundu yake, na kuvitoa, kuvifuta na kuvirudisha kwa uthabiti hutosha mara nyingi. Mafundi wengi hutumia raba ya kufutia penseli. Raba husafisha, lakini hula taratibu tabaka la dhahabu na kuacha vumbi lake ndani ya tundu. Kitambaa laini chenye spiriti safi kinafaa zaidi. Vipande vikiwa viwili au zaidi, kijaribiwe kimoja kimoja katika kila tundu. Baada ya hapo viondolewe vyote visivyo vya lazima, yaani diski, flashi, printa na kadi za ziada, na kompyuta ijaribiwe ikiwa na prosesa, kipande kimoja cha RAM na njia moja ya picha.

Milio inayosikika wakati wa ukaguzi ina thamani, ila isitafsiriwe kwa jedwali lisilo lake. Mlio mmoja mfupi ulimaanisha salama katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, na watengenezaji waliofuata walijiwekea misimbo yao kila mmoja kivyake. Ukimya pia si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa kompyuta nyingi za sasa hazina spika ya ndani. Mashine inayozunguka sekunde mbili tatu na kujizima hudokeza jambo jingine: kipoza joto cha prosesa kilicholegea, waya wa volti 12 wa prosesa uliotoka mahali pake, au skrubu iliyodondoka chini ya ubaomama na kuunganisha visivyopaswa kuunganishwa.

5.0 Betri ya ubaomama

Sehemu hii inahusu kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndani ya kasha, na ndiyo inayoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi tiba isiyo sahihi inavyoweza kujithibitisha yenyewe.

Kwenye ubaomama wa karibu kila kompyuta ya mezani kuna betri bapa aina ya CR2032, yenye volti 3 na ujazo wa takriban miliampea 220 kwa saa. Kazi yake ni kuendesha saa ya kompyuta na, katika mashine nyingi za zamani, kuhifadhi mipangilio ya BIOS wakati umeme haupo. Mashine ikiwa imechomekwa, hata kama imezimwa, saa hulishwa na umeme wa kusubiri uliotajwa hapo juu na betri hupumzika. Soketi ikizimwa, betri hubeba mzigo peke yake. Saketi ikivuta mikroampea 5, hesabu nyepesi inaonyesha kwamba betri mpya itadumu saa 44,000, sawa na miaka mitano hivi ya kufanya kazi mfululizo.

Soketi za ukutani zinazotumika Tanzania na Kenya huwa na swichi, na ni desturi katika ofisi na shule nyingi kuzizima jioni ili kuviepusha vifaa na umeme unaorudi kwa kishindo. Desturi hiyo ina busara yake. Matokeo yake ni kwamba betri hufanya kazi kila usiku, kila wikendi na likizo yote ndefu, ilhali kwingineko ambako kompyuta huachwa zimechomekwa betri ileile huweza kupitisha miaka mingi bila kuguswa. Ikikumbukwa kwamba kompyuta nyingi za mezani katika ukanda huu huingizwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, na kuja na betri zao za awali, haishangazi kwamba maabara ya kompyuta ifunguliwapo baada ya likizo, mashine kadhaa hugoma siku moja.

Betri ikifa, saa hurudi kwenye tarehe ya kiwandani na mipangilio hurudi katika hali ya awali. Kuna mipangilio mitatu ambayo kubadilika kwake huzuia mfumo endeshi kuanza. Wa kwanza ni mpangilio wa vifaa vya kuanzia: mashine huweza kutafuta kwanza mtandao au flashi iliyosahaulika nyuma ya kasha. Huo ni mwepesi, kwani kuchomoa flashi hutosha. Wa pili ni namna ubaomama unavyozungumza na diski za SATA. Windows iliyosakinishwa wakati mpangilio huo ukiwa AHCI huweza kushindwa kuisoma diski yake yenyewe ukigeuka kuwa IDE au RAID, na kinyume chake. Skrini ya buluu hutokea ikiwa na msimbo 0x0000007B na mashine hujiwasha upya. Wa tatu ni uchaguzi kati ya njia ya zamani ya BIOS na njia ya UEFI. Mfumo uliosakinishwa kwa njia moja hautafutwi kabisa na nyingine, na ubaomama hutangaza kwamba hakuna kifaa cha kuanzia.

Katika hali zote tatu diski ni nzima. Hakuna hata baiti moja iliyobadilika. Hata hivyo kinachoonekana kwenye skrini ni shutuma dhidi ya diski au dhidi ya Windows, na fundi mwenye haraka hukata shauri la kufomati. Hapa ndipo penye hatari kubwa: tiba hiyo hufaulu. Windows mpya husakinishwa chini ya mipangilio iliyopo sasa, ile ya kiwandani, na kwa hiyo huanza bila tatizo. Betri ikibaki mfu, kila soketi inapozimwa mipangilio hurudi kwenye hali ileile ya kiwandani, ambayo sasa inapatana na Windows mpya. Mashine haitagoma tena kwa sababu hiyo. Fundi ataamini kwamba Windows ndiyo iliyokuwa imeharibika, mteja ataamini hivyo pia, na mashine ijayo yenye dalili zilezile itatibiwa vilevile. Athari pekee inayobaki ni saa isiyo sahihi, pamoja na tovuti zinazokataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana ni vya wakati ujao, na malalamiko hayo mara nyingi huelekezwa kwa intaneti.

Kipimo cha kuzuia kosa hili ni kuingia kwenye mipangilio ya ubaomama, kwa kawaida kwa kubonyeza F2 au Del mara tu mashine inapowashwa, na kusoma tarehe kabla ya kugusa kitu kingine. Tarehe ya miaka mingi iliyopita ni ushahidi mzito dhidi ya betri. Mita huthibitisha: betri nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo, na iliyoshuka chini ya 2.7 haifai kutegemewa. Baada ya kuibadilisha na kurekebisha saa, mpangilio wa SATA na ule wa njia ya kuanzia hujaribiwa mmoja baada ya mwingine mpaka mfumo uanze. Kuhama kati ya AHCI na IDE hakufuti data. Kwenye RAID, ikiwa ubaomama utapendekeza kuunda safu mpya ya diski, pendekezo hilo likataliwe, kwani kulikubali huweza kufuta kilichomo. Taasisi yenye mashine nyingi zinazofanana hupunguza kazi hii kwa kupiga picha kurasa za mipangilio kwa simu wakati mashine bado ni nzima.

Kompyuta za miaka ya karibuni mara nyingi huhifadhi mipangilio kwenye chipu isiyohitaji umeme, na betri ikifa hupoteza saa pekee. Kipimo cha tarehe hakina gharama hata kwa hizo.

6.0 Diski yenyewe

Saa ikiwa sahihi na mipangilio ikiwa mahali pake, tuhuma huhamia kwenye diski kwa haki. Diski isiyoorodheshwa kabisa na ubaomama hujaribiwa kwanza kwa waya mwingine wa data na tundu jingine. Inayoorodheshwa lakini mfumo hauanzi huhitaji kutofautishwa kati ya uharibifu wa mpangilio wa data na uharibifu wa kifaa. Diski ya kuzunguka inayogonga kwa mpigo unaojirudia inakufa, na kila inapowashwa huweza kujichimba zaidi. Ile isiyo na kitu kinachozunguka hufa kimya na mara nyingi bila onyo.

Kanuni inayotetewa hapa ni kunakili kwanza na kutengeneza baadaye. Kompyuta huwashwa kwa Linux iliyo kwenye flashi, na mafaili hunakiliwa kwenye diski nyingine. Diski yenye sehemu zisizosomeka hunakiliwa nzima kwa programu kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza maeneo yanayosomeka na kuyarudia magumu mwishoni. Amri ya Windows ya chkdsk, ambayo wengi huikimbilia, hurekebisha mpangilio kwa kuandika juu ya diski ileile, na kuandika juu ya diski inayokufa kabla ya kuwa na nakala ni kucheza na kitu kisicho na mbadala. Yafaa ifahamike pia kwamba kumbukumbu ya miamala inayotumiwa na NTFS, inayosifiwa kwa kuhimili kukatika kwa umeme, hulinda mpangilio wa mafaili. Maudhui ya hati iliyokuwa ikihifadhiwa wakati umeme unakatika hayamo katika ulinzi huo.

Kiasi kidogo cha uharibifu huweza kuonekana kama maangamizi. Katika mtindo wa zamani, jedwali linaloeleza sehemu za diski lina baiti 64 tu ndani ya zile 512 za mwanzo. Likifutika, diski yote huonekana tupu, ingawa mafaili yapo palepale na programu za kutafuta mipaka ya sehemu zilizopotea huweza kuyarudisha. Virusi CIH, vilivyotokea Taiwan mwaka 1998 na kulipuka tarehe 26 Aprili 1999, vilitumia udhaifu huo kwa kuandika juu ya megabaiti ya kwanza ya diski. Kisha vilijaribu kuharibu pia chipu ya BIOS, na vilipofaulu mashine ilibaki na skrini nyeusi. Kisa hicho kinabainisha mpaka wa njia inayopendekezwa hapa: mfuatano wa uwashaji humwonyesha mchunguzi kizuizi cha kwanza, na nyuma yake huweza kuwapo cha pili.

7.0 Mfumo endeshi unaoanguka baada ya kuanza

Mfano mkubwa kuliko yote wa hali hii ulitokea tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho lenye kasoro saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki na kuliondoa saa 2:27. Katika muda huo usiotimia saa moja na nusu, mashine zilizolipokea zilianguka kwa skrini ya buluu, zikajiwasha, zikaanguka tena. Microsoft ilikadiria kwamba zilifika milioni 8.5. Mashirika ya ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi zilisimama. Vifaa vyote vilikuwa vizima, diski zilikuwa nzima, na Windows yenyewe ilikuwa nzima isipokuwa faili moja ambalo jina lake lilianza na C-00000291.

Tiba ilikuwa kuiwasha mashine katika hali salama, ambayo hupakia viendeshi vya lazima pekee, na kulifuta faili hilo. Hapakuwa na haja ya kufomati. Njia hiyo hufaa pia katika matukio madogo ya kila siku, ambapo kiendeshi kipya cha printa au cha kadi ya picha huiangusha Windows kabla haijatulia: hali salama, kisha kuondoa kilichoongezwa mwisho, au kuirudisha Windows kwenye hali iliyohifadhiwa kabla ya badiliko.

Kilichowachelewesha mafundi wengi mwaka huo ni ufunguo wa BitLocker. Diski iliyosimbwa kwa programu hiyo haifunguki nje ya uwashaji wa kawaida bila ufunguo wa tarakimu 48, na baadhi ya taasisi zilikuwa zimeuhifadhi kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimeanguka. Jambo hili linagusa hatua zote zilizojadiliwa. Kompyuta nyingi zenye Windows 11 husimba diski zenyewe pale mmiliki anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi bila yeye kutambua, na ufunguo huwekwa katika akaunti hiyo. Kubadilisha ubaomama, na wakati mwingine kubadilisha tu mpangilio wa uwashaji, huufanya mfumo udai ufunguo huo. Linux ya kwenye flashi nayo haitasoma chochote bila ufunguo. Kwa mashine za aina hii, ufunguo hutafutwa kwenye akaunti ya mmiliki kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, huandikwa kwenye karatasi, na ndipo kasha hufunguliwa.